Nilimwita Baba Yangu "Monsieur"

Nimekosa, na sitaki mtu anitafutie sababu. Baba yangu mzazi nilimwita "monsieur", bwana kwa Kifaransa, mbele ya mteja, ili mteja asijue kuwa ni baba yangu. Nilikuwa na akili zangu timamu, na tena nimeshiba.

Nimezaliwa Ipole, kwenye nyumba ya mrina asali. Shule yangu iliishia darasa la saba. Nikaja Tabora mjini, nikafungua kibanda cha asali karibu na stesheni, na baba akawa ananiletea ndoo kutoka msituni. Wateja wangu wazuri walikuwa wafanyabiashara wa Kongo na Burundi wanaopita na treni ya Kigoma. Nikaona nikiwasemesha Kifaransa watanizoea.

Nikampata mama mmoja Mrundi, akanifundisha miezi miwili maneno ya adabu tu. Bonjour ya kusalimia. Merci ya kushukuru. Pardon ya kuomba radhi. Na lile la kumjibu anayekushukuru, je vous en prie. Niliyaandika kwenye daftari nikawa nayakariri huku nachuja asali.

Maneno kumi na tano! Kwa hayo kumi na tano nikavimba. Muuza karanga wa jirani akinisalimia, namjibu "ça va", yaani mzima tu, huku namwangalia ndala zake. Wanawake waliopiga goti sokoni kuamkia wazee niliwaona washamba. Leo nikijikumbuka naona kuku aliyevalishwa tai.

Siku hiyo mteja wangu mkubwa, Mkongo, alikuwa amekaa kwenye benchi anaonja. Nami namrushia s'il vous plaît hapa, s'il vous plaît pale, tafadhali zisizo na mwisho. Mara baba akatokea na ndoo mbili. Alikuja na basi la asubuhi bila kuniarifu. Koti lake lilinuka moshi wa kufukuzia nyuki, suruali imegandwa nta magotini.

Kwetu binti akimwona baba yake anapiga goti na kusema shikamoo. Hata akiwa na mtoto mgongoni, anapiga. Baba akatua ndoo, akasimama, akaningoja.

Sikupiga goti. Nilikuwa nimevaa sketi ya kubana, niliyoinunua kwa ajili ya wageni kama yule.

Mteja akaniuliza mzee huyu ni nani.

"Mrina asali tu," nikasema. "Ananiletea mzigo."

Lile "tu" ndilo linalonila mpaka leo.

Yule Mkongo akainuka, akavua kofia, akainama kidogo. "Shikamoo, baba." Kwao hawana shikamoo. Baadaye aliniambia alifundishwa na wapagazi wa stesheni, kwamba huku mzee hapitwi bila neno hilo.

"Marahaba, mwanangu," baba akamjibu.

Mtu mwenye haya angetamani ardhi impasukie. Mimi nikaona wivu! Nikaona baba amekuja kunichukulia mteja. Nikamnyooshea mkono, ncha za vidole tu, nikamwambia, "Merci, monsieur. Au revoir." Yaani asante bwana, kwaheri.

Baba akanitazama. Midomo yake ikacheza, kama mtu anayetafuta neno na halipati. Kisha akageuka akaenda stendi. Hata maji hakunywa.

Nikasema amekasirika, atapoa. Ndoo ziliendelea kuja, ila sasa zililetwa na kondakta wa basi. Sikwenda kuomba radhi. Nikipiga simu, ilikuwa kuulizia asali. Kiangazi kikaisha, mvua zikaanza, nikasema barabara mbaya. Mvua zikaisha, nikasema wateja wengi. Halafu ikaja simu ambayo haikungoja nafasi yangu. Homa ya siku tatu, baba hayupo.

Msibani tulikaa mikekani na wanawake wa kijiji. Shangazi, dada yake baba, akanishika bega akawatangazia wote: "Huyu ndiye aliyemwamkia baba yake kwa Kifaransa mbele ya wageni."

Nikainamisha kichwa. Nilijua naumbuliwa. Kumbe nasifiwa!

Shangazi akaeleza. Baba aliporudi siku ile, alisema binti yake amemwamkia kwa lugha ya wakubwa, na yeye alikosa la kuitikia, akaondoka kama mtu asiyelelewa. Akasema hilo haliwezi kubaki hivyo. Akasafiri mpaka Sikonge kwa mwinjilisti mmoja mstaafu aliyewahi kuishi Kongo, afundishwe jibu.

"Akawa analisema njiani akienda kwenye mizinga," shangazi akasema. "Kitu kama vuzampri. Akasema, siku mwanangu akija nitamwitikia."

Je vous en prie. Jibu lenyewe hasa la merci.

Wanawake wakaniomba niseme kidogo hicho Kifaransa wasikie. Na mimi, kiumbe nisiye na thamani ya ndala za muuza karanga, nikasema! "Merci beaucoup," yaani asante sana. Wakatabasamu katikati ya machozi, wakasema marehemu ameacha mtu. Nikala sifa zile pamoja na ubwabwa wa msiba.

Ni kwenye basi la kurudi mjini ndipo nilipofikiri vizuri. Huyo mwinjilisti asingeweza kumpa jibu lile bila kwanza kuambiwa nilichosema. Lazima baba alimtajia merci, akamtajia monsieur, akaelezwa maana yake. Kwa hiyo alijua. Alijua nilimwita bwana na kumfukuza. Akarudi kijijini akaendelea kusema nilimwamkia, kisha akakaa kujifunza kunijibu kwa adabu.

Hayo sikumwambia shangazi. Nawaambia ninyi kwa sababu hamnijui, na huo nao ni uoga.

Wewe unayejifunza lugha ya watu, jifunze, hakuna ubaya. Ubaya ulikuwa mimi. Ila siku mzazi wako akitokea mbele ya wageni wako, na ndoo zake na moshi wake, piga goti hapo hapo. Sketi ikipasuka, ipasuke.