Kati ya Pembejeo na Ugani

Mwezi wa Julai 1997, chumba cha mwisho kwenye korido ya chama cha wakulima, mjini Songea, kilinyamaza. Printa yake, iliyokuwa ikilia kutwa kama mtu anayekwangua ukoko sufuriani, haikusikika tena. Ilipita wiki nzima kabla ya mtu kuuliza, na aliyeuliza alikuwa mfagizi: alitaka kujua kama bado kuna haja ya kudeki mle.

Theodosia alikaa chumba kile miaka mitano akiandika programu. Watu walimwita mama kompyuta, ingawa hakuwa na mtoto, na kompyuta zenyewe zilikuwa mbili tu. Viatu vilivuliwa mlangoni kwa sababu ya vumbi. Kwa kuwa wakubwa hawapendi kuonekana na soksi, pengine zilizotoboka, hakuna mkuu wa idara aliyewahi kuingia. Waliagiza kazi wakiwa kizingitini.

Mzee Osmund wa Pembejeo, aliyegawa mbolea, alitaka programu ya orodha ya wakulima wake. Bwana Bashiru wa Ugani, aliyegawa mbegu za tumbaku, akataka ya kwake. Wakulima walikuwa wale wale. Lakini wakuu hao hawakuwa wakizungumza tangu enzi za meneja aliyepita, basi kila mmoja akaamuru wakulima wapewe namba zake. Theodosia akaandika kama alivyoagizwa. Zikazaliwa programu mbili zisizojuana.

Kila msimu yeye ndiye aliyezipatanisha. Alijua kwa kichwa kuwa namba 212 ya Pembejeo ndiyo 1047 ya Ugani, mama mmoja wa Mpitimbi aliyeandikishwa huku kwa jina la ubatizo na kule kwa jina la ukoo. Bila yeye, mbolea ingekwenda kwa asiye na mbegu. Hakutaka mambo hayo yakae kichwani mwake milele. Alitaka kitu kimoja: orodha moja. Aliandika dokezo, likaingia kwenye faili, faili likazunguka meza hadi meza, likarudi baada ya miezi minne. Chini yake pameandikwa: “Mjadiliane.” Nani na nani, hapakusemwa.

Saa nne Pembejeo walikunywa chai kwao, Ugani kwao. Kila upande ulidhani Theodosia amekunywa upande wa pili. Yeye alikunywa ya kwenye chupa yake, mlango umefungwa, akisikia vicheko vya watu wengine.

Ukaja mwaka wa kupunguza wafanyakazi. Kila mkuu aliambiwa apeleke majina ya watu wake, asiyeandikwa, basi, kazi hana. Mzee Osmund akasimama kizingitini.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti yangu. Nataka nikuandike kwangu. Ila ukishakuwa wangu, mambo ya Bashiru uyaache. Sitaki mtu wangu alime shamba la mwenzangu.”

“Na kuunganisha orodha?”

“Kwani nani alikuagiza?”

“Hakuna.”

“Basi hiyo si kazi, ni huruma.” Akacheka kidogo. “Huruma ipeleke kanisani, Theodosia. Kule wanaipokea.”

Aliomba apewe muda hadi kesho, akaenda kwa Bashiru.

“Pole, dada,” Bashiru alisema, bila kuinua macho. “Mimi siku zote najua wewe ni mtu wa Osmund. Majina nimeshapeleka.”

Alitamani kukubali. Asiseme mtu kwamba hakutamani. Angekuwa wa mahali fulani, angekuwa na kikombe chake kwenye sinia la chai. Lakini yule wa 212 na 1047 angebaki watu wawili, na mwenye kujua kuwa ni mmoja angekuwa amelipwa ili anyamaze. Kesho yake alimwambia mzee hapana.

Majuma matatu yaliyobaki aliandika programu ambayo hakuna aliyeiagiza. Ilitoa orodha moja, kurasa sitini na nne. Akaweka nakala mbili, moja kwa kila mkuu. Osmund aliona majina ya Ugani, Bashiru akaona namba za Pembejeo. Wote wawili wakazipeleka masijala, zikafungwe kwenye faili.

Theodosia sasa yuko Tunduru, karani katika ghala la mnunuzi binafsi wa korosho. Anaishi peke yake, chumba cha kupanga karibu na stendi.