Injini iligoma "kukojoa" tukiwa na mjamzito ndani ya boti: tulivyobadilisha impela ufukweni, Ziwa Nyasa

Wakuu, salaam kwenu nyote. Hili limenikuta mwenyewe, grisi ikiwa mikononi mwangu, kwa hiyo sitatia chumvi. Nitaeleza polepole ili hata ambaye hajawahi kugusa boti aelewe.

Mimi ni fundi pikipiki Mbinga mjini. Mke wangu kwao ni Lipingo, kule chini ziwani.

Masika iliyopita nilikwenda kuwasalimia wakwe. Siku ya kurudi, mto ukawa umebeba daraja la magogo. Barabara hakuna. Nikapanda boti ya kikundi cha kina mama kwenda Mbamba Bay.

Nahodha ni dada mmoja anaitwa Kandida.

Kati ya abiria alikuwamo Agnes, mjamzito wa miezi ya mwisho, na mama yake. Uzazi wa kwanza Agnes alipasuliwa, na daktari alishamwonya kwamba safari hii uchungu usimkute nyumbani. Asubuhi hiyo kiuno kilikuwa kimeanza kumkaza. Njia ya hospitali ilikuwa ni boti hiyo tu.

Hatujafika mbali, Kandida akageuka kuangalia injini, kisha akaizima.

"Haikojoi," akasema.

Hapa nifafanue. Injini ya boti hupozwa na maji ya ziwa. Chini kabisa, juu kidogo ya panga linalosukuma boti, kuna pampu, na ndani yake kuna gurudumu dogo la mpira lenye mapezi. Ndiyo impela. Inavuta maji, inayapandisha juu, na mengine yanatoka pembeni kwa kamkondo kembamba. Ndiko kukojoa kwenyewe. Kamkondo kakikatika, injini inachemka, halafu inakufa moja kwa moja.

Mzee mmoja mwenye gunia la usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, akaja juu: "We binti, injini inanguruma safi kabisa! Twende hivyohivyo, huoni mgonjwa?"

"Baba, nikienda hivyohivyo itatufia katikati ya ziwa. Kasia utapiga wewe?"

Na kasia mzee alipiga kweli, maana tulipiga wote mpaka ufukweni.

Nilipojitambulisha kuwa ni fundi, Kandida akacheka. "Basi shemeji shika spana. Hii nayo ni bodaboda, tofauti haina matairi."

Kwenye mkoba wake wa vifaa kulikuwa na impela mpya kabisa. Nikamuuliza alijuaje kutembea nayo.

"Siku tulipoipokea injini, kijiji kizima kilikuja na ngoma ya mganda," akasema. "Wazee wakasema hawawezi kubariki kitu ambacho hawajakisikia sauti. Tukaifunga kwenye gogo, mchangani, tukaiwasha kavu. Vigelegele mpaka basi! Impela ikaungua kabla haijaonja ziwa."

Wakuu, mpira ule unalainishwa na maji yenyewe. Ukizunguka mkavu, hauchukui muda unaharibika. Msiwashe injini ya boti nchi kavu hata kwa kuonyesha wageni.

Kazi ikaanza. Mama yake Agnes alitandika kanga mchangani ili bolti zisipotee. Tuliinua injini, tukafungua bolti za mguu wa chini, ule wenye panga, tukaachanisha kijiti cha gia, tukauvuta mguu taratibu mpaka ukatoka. Pampu ikawa mbele yetu. Tukafungua kifuniko chake.

Impela ilikuwa imekosa pezi moja.

Mimi nilikuwa tayari kupachika mpya. Kandida akanishika mkono. "Hilo pezi liko wapi?"

Mama yake Agnes hakuweza kuvumilia. "Mwanangu, funga twende! Huyu atanizalia hapa!"

"Mama yangu, pezi likibaki limeziba bomba, hiyo mpya itasukuma maji yasiyopita. Tutasimama tena, na huko mbele ni miamba, hakuna pa kuegesha."

Kisha Agnes, ameegemea ubavu wa boti, akasema, "Mama, waache watafute. Bado naweza."

Tukapekua mchanga, tukapekua kifuniko. Hakuna. Kandida akachomoa kibomba cha kupandisha maji, akakiweka mdomoni na kupuliza mpaka mashavu yakavimba. Kipande cheusi cha mpira kikaruka na kumpiga mzee wa usipa kifuani.

"Hata mimi unanipiga risasi!" mzee akasema, na hata Agnes akacheka huku ameshika kiuno.

Kufunga kuna siri yake. Kwenye mhimili wa pampu kuna kipande kidogo cha chuma kinachoshika impela. Kipakeni grisi ili kisidondoke. Mapezi yapakeni sabuni. Halafu shusheni kifuniko huku mnazungusha mhimili upande uleule unaozunguka injini ikiwaka, ili mapezi yalale vizuri.

Tukarudisha mguu na kijiti cha gia, tukasukuma boti hadi penye kina. Kandida akavuta kamba. Macho yote pembeni ya injini.

Maji yakaruka.

"Inakojoa kama beberu!" mzee akapiga kelele.

Tulifika. Agnes alipasuliwa jioni ileile, akapata mtoto wa kike, na wote wawili wazima.

Nilichojifunza ni kwamba ujasiri wa nahodha hauko kwenye kukimbiza boti tu. Kandida alizima injini mzee akimfokea, kisha akakataa kufunga pampu mama wa mgonjwa akilia. Ningekuwa mimi, sijui kama ningeweza.

Wenye uzoefu wa injini hizi, karibuni mnikosoe na kuongezea. Nyie impela mnabadilisha baada ya muda gani?

Tulipomwacha Agnes wodini, nilimwalika Kandida chai. Akakataa. Alisema mkoba wake sasa hauna impela, na kuna abiria wanaomsubiri kurudi Lipingo. Nikamwona anashika njia ya maduka ya spea, mguu peku, kanga ikiwa bado imelowa maji ya ziwa.