Breki ya Mdomo

Juzi mjukuu wangu alikuwa akicheza mchezo wa mbio za magari kwenye televisheni, na mama yake akanung'unika kwamba ndivyo atakavyokuja kuendesha barabarani. Nikalikumbuka gari la ami yangu, kule mtaani kwetu Ng'ambo.

Sisi watoto usukani wetu ulikuwa kawa la kufunikia chakula. Ukinguruma, gari linakwenda. Ukifunga mdomo, linasimama. Niliamini na ami anafanya hivyo hivyo.

Alasiri moja gari lake liligoma kuwaka. Akaniweka mimi kwenye usukani, yeye na jirani wakasukuma. Nikanguruma kwa moyo wote, puani harufu ya petroli na ya vitumbua vya Bi Mwanaidi, aliyekuwa akikaanga chini ya mteremko, mpaka gari likashika mteremko likawaacha nyuma.

"Simamisha, mwanangu!" ami alipiga kelele.

Nikafunga mdomo. Gari likazidi kwenda. Nikauachia usukani, nikauziba mdomo kwa mikono miwili.

Mimi na gari tuliingia kwenye rundo la makuti, karibu kabisa na karai la Bi Mwanaidi. Alinitazama kwa utulivu.

"Sasa waziba mdomo wa nini, na kishindo nshakisikia?"

Nimeendesha gari miaka mingi. Mpaka leo nikikanyaga breki, mdomo hujifunga wenyewe.