Anayerushwa Huchorwa Peke Yake

Mimi huchora watu wanaopigana. Wapiganaji wa michezo ya kompyuta, wale wanaoundwa kwa vidoti vya rangi, ambao kwenye kioo hawazidi urefu wa kidole changu gumba. Ngumi moja ni picha sita. Teke ni nane. Hata kusimama tu na kupumua ni picha nne, na hizo nne zimewahi kunilia wiki nzima, maana ukikosea kidogo shujaa wako anaonekana ana pumu.

Nachorea chumbani kwangu Kinoo, ghorofa ya nne, na kila Ijumaa napeleka kazi mjini, ambako kampuni yetu ya watu watatu ina ofisi juu ya duka la vitambaa. Bosi ni dada wa Mombasa, mwandishi wa programu, asiyejua kubembeleza mtu. Ijumaa hiyo alimtazama mpiganaji wangu akibebwa na kubwagwa, akarudisha nyuma, akatazama tena.

"Huyu hakubebwa, kakangu. Huyu yuaelea. Hana uzito."

Akanipa hadi Jumatatu. Nikishindwa, picha zote za kubebana angempa mchoraji mwingine, na sisi tunajua kwamba anayepewa hizo hupewa na zilizobaki. Nilimkasirikia njia nzima hadi nyumbani, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Sisi hatubuni mwendo, tunauiga. Naegemeza simu kwenye mtungi wa gesi, najirekodi nikipiga hewa ngumi, kisha nachora nilichokiona. Ngumi unaweza kuipiga peke yako. Kuanguka pia, godoro lipo. Lakini kubebwa? Jumamosi nilining'inia mlangoni kama nguo. Nilikumbatia mtungi wenyewe nikajifanya ndio mimi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nikafungua orodha ya namba kwenye simu nikitafuta mtu ninayeweza kumwambia, "Njoo unibebe," na nikaimaliza yote. Kulikuwa na fundi wa mabomba, watu wa intaneti, na binamu aliye Kakamega.

Jumapili asubuhi, majirani wakiwa kanisani, nikashuka kwa askari wa lango. Alikuwa mzee wa Bungoma mwenye mabega mapana. Tangu nihamie tulikuwa tukisalimiana tu, lakini kila siku. Nilipomweleza shida yangu alinipima kwa macho kutoka juu hadi chini.

"Unataka nikubebe alafu nikuangushe?"

"Usiniangushe kabisa, mzee. Ukikaribia chini unaniweka pole pole."

"Na hii ndio inakulipia rent?"

"Ndio hii."

"Basi kuja. Kwetu nilikuwa naangusha wanaume wakubwa kukushinda."

Nikaegemeza simu ukutani ikirekodi, naye akavua kofia, akapitisha mkono mmoja nyuma ya magoti yangu na mwingine mgongoni, akaninyanyua. Shati lake lilinukia sabuni ya kipande. Nilipaswa kuchunguza kiungo kipi hulegea kwanza, maana hilo ndilo lililonipeleka pale. Badala yake nikafumba macho. Hakuna mtu aliyekuwa amenishika tangu tulipomzika mama, na tulimzika mwaka uliotangulia. Machozi yakanitoka, mtu mzima, nimepakatwa langoni.

"Nimekuumiza?"

"Hapana mzee. Ni vumbi."

Rekodi hiyo ya kwanza ilitoka vizuri kabisa. Nilimwomba arudie mara nne.

Nikapanda juu kuchora, na sasa niliona kosa langu lilikuwa wapi. Anayebebwa huachilia kichwa kibaki nyuma kidogo, mkono mmoja unaning'inia, na kiuno ndicho kinachoshuka. Lakini katika kazi yetu anayerushwa huchorwa peke yake, kwa kuwa mshikaji anaweza kuwa mpiganaji yeyote, na kompyuta ndiyo itakayomweka. Kwa hiyo nilijichora mimi tu. Mikono ya mzee nikaiacha nje, picha baada ya picha, hadi nikabaki nimelala hewani bila mtu. Nilichukia kanuni hiyo siku nzima.

Jumatatu bosi alitazama mara moja tu. "Haya, sasa ana uzito," akasema, na kazi ikabaki yangu.

Jumanne nikatoka, lango likiwa wazi bila mtu, nikaenda kununua mandazi ya watu wawili. Nilitaka kumwambia mzee kwamba imekubaliwa, na nikipata ujasiri nimwambie halikuwa vumbi. Niliporudi langoni nikakuta askari mwingine, kijana nadhifu, akanisukumia daftari la wageni.

"Niaje. Unaenda kwa nani?"

"Naishi hapa. Ghorofa ya nne. Mzee yuko wapi?"

"Alihamishwa jana, kampuni imempeleka Lavington. Hapa umekaa kutoka lini?"

"Mwaka wa pili huu."

Akanitazama, akatazama mfuko wa mandazi. Hakuwa na ubaya, alikuwa anafanya kazi yake.

"Sawa, boss. Niambie tu jirani mmoja anakujua, nimuite akutambue, nifungue."

Nikapita milango yote kichwani, kutoka chini hadi juu. Nilikuwa najua viatu vilivyowekwa nje ya kila mlango. Nikamwambia anayenijua ni yule aliyehamishwa.

"Basi nimpigie. Anaitwa nani?"

Sikujua.