Chupa ya Gesi Chini ya Boneti

Siku yangu ya kwanza kazini nilitoroka kabla sijaonyeshwa pa kutundika kofia. Bwana Fundi Mkuu, Mzungu mrefu aliyesimamia gereji ya malori pale Shinyanga, aliniita chumba cha betri. Mezani palikuwa na chupa ya maji iliyofungwa nyaya mbili, na mrija wa mpira umetoka kwenye kifuniko chake. Akautumbukiza mrija kwenye bakuli la sabuni, mapovu yakajaa, akawasha kiberiti akayagusa. Pwaa! Lo, mlio kama wa gobore. Mimi, Masanja, mwenye barua ya misheni mkononi na kaptula ya kuazima, nilijikuta nje kwenye jua, na mpaka leo sijui nilipita mlangoni au dirishani. Huko nje nikamkuta dereva mmoja aliyekuja kuchukua betri yake. Alikuwa amenitangulia kukimbia, tena kiatu kimoja amekiacha ndani.

"Rudini!" Bwana alituita huku akicheka. "Hiyo ni haidrojeni. Kila betri inapochajiwa, gesi hiyo inatoka. Mtu akivuta sigara humu ndani, tutamwokota kwa beleshi. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Bwana."

"Basi umeanza kazi."

Dereva yule alikuwa Ramadhani, mtu wa Tabora, mtu mzima kwangu, na kwa heshima nilimwita Baba Zainabu. Alivaa kiatu chake akaniambia, "Mwanangu, kazi zote zilizoko duniani, wewe umechagua ya kukaa na majini?" Tangu siku ile hakukanyaga chumba changu. Betri yake alisimama nje mlangoni akaipokea kwa mikono miwili, uso ameugeuzia pembeni.

Nyinyi wa leo mnaona betri imefungwa kotekote, mnadhani ni jiwe. Ya wakati wetu ilitaka kulelewa. Asubuhi nilifungua vifuniko, nikatazama kama maji yamezifunika sahani za madini ya risasi zilizo ndani, nikaongeza yaliyopungua. Tena si maji ya kisima. Ni yale yaliyochemshwa mvuke wake ukakusanywa, yasiyo na chumvi hata chembe. Halafu nilinyonya tindikali kidogo kwa haidromita, bomba la kioo lenye kibofu cha mpira na kielea ndani: kielea kikipanda juu betri ina nguvu, kikizama ina njaa. Kaptula zangu zote zilikuwa na matundu ya tindikali, na nilijivuna nayo kuliko askari na nishani zake.

Ilikuwa miaka ya ile vita kubwa. Petroli ilikuja kwa treni ndani ya madebe, na kila lori lilipimiwa kiasi chake cha safari. Malori yetu yalichukua mashine, unga na watu kutoka stesheni, yakapita Kahama mpaka migodi ya dhahabu upande wa Runzewe na Geita. Njia ile wakati wa kiangazi si ya mzaha. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, lori moja lilikaukiwa petroli porini, bado mwendo mrefu kufika Runzewe. Watu walikaa siku tatu, wakanywa maji ya rejeta. Walirudi wote wazima, ila midomo yao imepasuka, na mama mmoja hakuweza kusema neno wiki nzima.

Ndipo Bwana Fundi Mkuu alipopata wazo lake. Umeme ukipita kwenye maji huyagawa yakawa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni. Akasema, kwa nini lori lisitengeneze gesi hiyo lenyewe likiwa njiani, gesi iingie kwenye injini pamoja na petroli, na petroli ipungue? Tukachukua chupa nene ya kioo, tukaweka vipande viwili vya chuma, maji, na kostiki soda kidogo ili umeme upite vizuri. Tukaifunga ndani ya sanduku la mbao chini ya boneti la lori la Ramadhani. Waya ukatoka kwenye betri, mpira ukaenda kwenye kabureta, na katikati tukaweka chupa ndogo ya maji ili moto usirudi nyuma. Nilifanya kazi ile kwa furaha jamani! Sijawahi kufurahia kazi kama ile.

Ramadhani alipoonyeshwa sanduku alitamani kulia. "Bwana, mimi nina watoto," alisema. Akaambiwa apande, akapanda.

Aliporudi kutoka mgodini, Bwana alichovya kijiti cha kupimia kwenye tangi. Galoni mbili zimebaki, na si kawaida zibaki. Safari ya pili, mbili tena. Ya tatu, mbili na ushee. Bwana alinipiga bega mpaka nikayumba. Akaandika barua ya kurasa mbili kwa wakubwa. Ukurasa wa kwanza ulisema malori yote yafungwe chupa, na petroli ya kila safari ikatwe galoni mbili kuanzia mwezi unaofuata. Wa pili uliomba Masanja apandishwe awe fundi wa gesi, apewe nyumba ya matofali ya watumishi wenye familia.

Hapo lazima niwaeleze nyumba ile ilikuwa nini kwangu. Mke wangu, Mama Kulwa, alikuwa Kishapu kwa baba yake na mapacha wetu, Kulwa na Doto. Baba mkwe alisema mbele ya watu kwamba binti yake hataondoka pale mpaka nionyeshe nyumba ya matofali. Mimi nililala chumba kimoja na wanaume saba. Nilikwenda Kishapu mara moja kwa mwezi, na safari ya mwisho Doto alijificha nyuma ya mama yake akauliza, "Huyu mgeni anaondoka lini?" Niliumia, nakwambia. Nilirudi Shinyanga neno lile likinifuata. Kwa hiyo Bwana aliponisomea ukurasa wa pili, nilikwenda nyuma ya gereji nikalia.

Barua ilikuwa ipelekwe Jumatatu. Katikati ya wiki Bwana akanituma nipande na Ramadhani mpaka mgodini, niiangalie chupa njiani.

Tulipotoka mjini niliona mambo mageni. Ramadhani, ambaye kila mtu alijua anakanyaga mafuta mpaka kuku wa Kahama wanamfahamu, alikwenda kama anayebeba mayai. Penye mteremko alizima injini, akaweka gia huru, lori likateremka lenyewe. Tukisimama, hata kama ni kumshusha abiria mmoja tu, alizima. Mlimani alipanda taratibu, jasho linamtoka, macho kwenye boneti.

"Baba Zainabu," nikamuuliza, "siku hizi ndiyo unaendesha hivi?"

"Siku za hilo sanduku lenu tu. Nikienda mbio litachemka lile jini, tulipuke wote. Wewe si ulikuwepo siku ile? Si tulikimbia pamoja?"

"Na lori jingine ukipewa?"

"La! Jingine naendesha kama mwanamume."

Mimi ni mtu wa betri, na jambo moja nililijua lakini nilikuwa nimelifumbia macho. Umeme wa kugawa maji ulitoka kwenye betri. Betri ilijazwa na dainamo, ile mashine inayozungushwa na mkanda wa injini. Injini ilikula petroli. Dainamo ikibebeshwa kazi zaidi, injini nayo inabebeshwa. Gesi yetu ilikuwa inatoka kwenye tangi lile lile, tena imezunguka njia ndefu na kupotea nusu. Galoni mbili zile ziliokolewa na mguu wa mtu mwenye hofu. Na madereva wengine hawakuwa na hofu yoyote. Wangepewa petroli pungufu, wangekanyaga mafuta kama kawaida yao, na wangeishia porini na abiria wao.

Nikifunga mdomo napata nyumba. Nikisema, naikosa, na Bwana huenda akanifukuza kwa kumwaibisha. Siku zile mtu mweusi kumwambia Mzungu kwamba amekosea ilikuwa ni kuomba kupigwa teke. Safari nzima ya kurudi nilijibishana na nafsi yangu. Nilijiambia labda gesi inasaidia kidogo. Nilijiambia mimi si dereva, hayanihusu. Halafu tukapita pale walipokwama wale wa mwaka uliopita. Ramadhani akanyoosha kidole. Mawe waliyopikia yalikuwa bado pale.

Jumamosi asubuhi nilivua kofia nikaingia ofisini. Nilimweleza Bwana yote. Uso wake ukawa mwekundu kama pilipili.

"Kijiti hakisemi uongo, Masanja. Nimepima mwenyewe mara tatu!"

"Kijiti kimesema kweli, Bwana. Sisi ndio tumekisikia vibaya. Chomoa waya mmoja, sanduku libaki pale pale, Ramadhani asiambiwe. Aende, arudi, upime."

Bwana alisukuma kiti nyuma. Akasimama, akaenda mwenyewe kwenye lori, akapenyeza mkono akachomoa waya. Barua akaifungia kwenye saraka ya meza yake. Siku zile za kusubiri, kila lori likinguruma nilitoka kuchungulia.

Ramadhani akarudi. Bwana akachovya kijiti, akakifuta, akachovya tena. Galoni mbili zimebaki, na chupa haikutoa hata povu moja safari nzima. Akakaa juu ya sanduku la betri, mikono magotini. Nikajua nimekwisha. Mara mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka!

"Miezi mitatu," alisema, "miezi mitatu nachemsha maji!" Akamwita Ramadhani, akamwambia kuanzia siku ile atawafundisha madereva wote kuendesha vile vile, bila chupa. Petroli ya safari haikukatwa. Kisha akaitoa ile barua akaichana mbele yangu, kurasa zote mbili. Ukurasa wa pili ulipochanika aligundua alichokifanya, akaniangalia. "Pole, Masanja. Nyumba ni ya fundi wa gesi, na gesi hakuna." Nikasema, "Naelewa, Bwana." Namshukuru mtu yule mpaka kesho. Angeweza kunifukuza kwa neno moja, na wengi wa wenzake wangenifukuza.

Kule Kishapu sikumweleza mtu. Nilisema tu nyumba imeshindikana. Nikajijengea kibanda cha udongo na nyasi pale Ngokolo, mtaa wa Shinyanga, ili angalau nisilale na wanaume saba. Miezi miwili baadaye, mchana, lori la pamba likasimama njiani. Mama Kulwa akashuka, mtoto mkono huu, mtoto mkono huu, chungu kichwani. Baba yake alikuwa amegomba mpaka amechoka. Sikuuliza kitu, niliogopa nikiuliza atabadili nia.

Baada ya vita nilipelekwa mgodini Geita, kwenye chumba cha taa za wachimbaji, zile zinazobeba betri kiunoni. Huko Bwana Meneja wa Umeme, mtu mkali asiyecheka, aliniachia funguo zote siku ya tatu. Alisema amesoma barua ya kunisifu aliyoandikiwa na Fundi Mkuu wangu wa zamani. Baadaye nikawa kwenye kinu cha pamba, na mwisho nikarudi Shinyanga, nikastaafu nikiwa msimamizi wa karakana. Sikulipua chumba hata kimoja. Na juzi, mafuta yalipoadimika tena, fundi mmoja wa hapa mtaani aliniletea chupa yenye nyaya mbili, macho yanamng'aa. Sikumcheka. Nilimwambia achomoe waya mmoja kwanza.

Alipoondoka, Mama Kulwa alikuwa anachambua mchele. Nikaona nimeficha vya kutosha. Nikamwambia, "Mama Kulwa, ile nyumba ya matofali hawakuninyima. Niliikosa kwa mdomo wangu mwenyewe. Nisamehe."

Hakuinua hata macho. "Yaya," alisema kwa Kisukuma, kukataa kama anavyokataa kila kitu. "Mimi nilijua. Mama Zainabu, mkewe Ramadhani, alinikuta mnadani Kishapu, mwaka ule ule, akaniambia mumeo ameikosa nyumba ili wanaume wetu warudi nyumbani." Akatupa kijiwe. "Wewe ulidhani nilipanda lori la pamba na watoto wawili kufuata nyasi?"