Fungu la Kumi Ndani ya Ritani za Mishahara

Mwaka 2017 mkamwana wangu alikuwa akishona sare za kwaya kwenye karakana yake ndogo mtaani La Rochelle, huku Sauzi. Mimi, mzee wa kanisa niliyekwisha kuacha kazi ya ulinzi, nilikuwa nikimsaidia kupiga pasi. Pango lilipopanda alitangaza kwamba mmoja wa vijana watatu aliowaajiri angeondoka mwisho wa mwezi. Hakusema nani. Tangu siku hiyo hakuna aliyeimba kwenye cherehani.

Mhasibu wetu wa mtaa wa jirani, Rosettenville, mama wa Kitanzania aliyeolewa na Msauzi aliyerudi kutoka uhamishoni, ndiye aliyeshangaa. Serikali iliwapa nafuu ya kodi ya mishahara waajiri wa vijana, hata vijana wenye karatasi za ukimbizi kama wetu. Mbona hatujawahi kudai? Akafungua ritani zetu, yaani taarifa za mishahara tulizopeleka ofisi ya kodi, akajijibu mwenyewe: mishahara tuliyoandika ilikuwa chini ya kiwango kinachotakiwa ili kupata nafuu hiyo.

Kumbe kiwango tulikifikia. Ila mkamwana alikata kwanza fungu la kumi la kila mmoja, akalipeleka kanisani kwa jina la kijana mwenyewe, kisha akaandika kilichobaki kuwa ndio mshahara. Kwetu hakuna aliyeona ajabu. Hata baba yangu, fundi wa misheni, alikatwa hivyo.

Mhasibu alisema ritani za nusu mwaka ule zingeweza kurekebishwa hadi Ijumaa tu, na nafuu hiyo ingetosha kulipa pango bila kumfukuza mtu. Angeandika mshahara mzima, mradi kila kijana atie saini kwamba aliomba mwenyewe kukatwa.

“Bila saini, hiyo ni pesa yao uliyoizuia,” alimwambia mkamwana. “Siwezi kuandika kwamba waliipata.”

Wavulana wawili walisaini mara moja. Wa tatu, binti wa kutoka Uvira, alishika kalamu, asisaini. Niliomba moyoni, na nakiri nilichoomba ni kwamba asaini upesi.

“Eish, dada, saini tu,” mmoja wa wavulana alitania, “ama ni mimi nitafukuzwa.”

“Maman, mimi sikuomba,” binti alimwambia mkamwana.

“Na mbona hukuniambia?”

“Ningesema nini? Unakata kwa ajili ya Mungu. Ningekuwa nabishana na nani?”

Mkamwana alinigeukia kana kwamba ningetoa aya ya kumwokoa. Aya ninazo nyingi, lakini hakuna hata moja iliyokuwa upande wetu. Nilimwambia sadaka ya kulazimishwa si sadaka, amrudishie.

Pesa hakuwa nayo. Alhamisi alimuuzia jirani cherehani ya akiba, kwa bei ya hasara, akamlipa binti yote aliyomkata. Binti aliihesabu mbele yetu, akasaini kwamba sasa amepata mshahara wake mzima. Ijumaa mchana mhasibu alituma ritani zilizorekebishwa.

Ofisi ya kodi ikadai nakala za vibali vya vijana, kisha ikanyamaza. Mwisho wa mwezi ulifika, na mkamwana akamsihi mwenye nyumba amvumilie, wala hakumfukuza mtu. Jibu lilipokuja, dai lilikuwa limekubaliwa. Pango likalipwa, na vijana wote watatu wakabaki. Namshukuru Mungu mpaka leo.

Kuanzia hapo kila mmoja alipokea mshahara wake mzima mkononi. Jumapili iliyofuata nilipitisha kikapu cha sadaka. Binti alinitazama usoni, hakuweka kitu. Nikamwitikia kwa kichwa, nikasogea kwa aliyekaa jirani yake.