Michembe juu ya jabali

Wanangu wakihangaika na viatu vya shule, mimi nafunua sufuria ya michembe na karanga. Harufu yake inanirudisha kwenye jabali nyuma ya nyumba yetu, ambako mama alianika vipande vya viazi vitamu, chakula chetu cha asubuhi hadi mavuno mengine, kisha akaenda mgodini kuponda mawe.

Mvua ikashuka ghafla. Nikiwa na mdogo wangu mgongoni, nilizoa michembe kwa gauni. Maji yakazoa zaidi.

Mama alirudi mbio, vumbi la mawe limekuwa tope usoni.

"Mayu, yote imelowa."

"Nimeona, mwanangu. Lete kuni."

Michembe iliyolowa haiwekeki, huoza. Jioni ile akaipika yote. Tulishiba kuliko siku zote, naye akitutazama tu.